Kushuka Mlima Kutafuta Mtandao

Mkahawa ninaofanyia kazi uko Voi mjini, karibu na barabara kuu ya Mombasa. Paswadi ya waifai imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha kadibodi juu ya kaunta, na chini yake kuna sheria tatu: nunua kitu, saa moja kwa kila mteja, usipakue filamu. Ya nne haijaandikwa lakini sote tunaijua. Ikifika saa saba mchana, watu wa chakula wakianza kuingia, wewe mwenye laptopu na kikombe kimoja cha chai anza kukunja waya zako taratibu kabla mhudumu hajaja kufuta meza ambayo si chafu.

Mimi hushuka kutoka Sagalla kwa bodaboda. Kwetu juu unaiona Voi yote kama picha: reli ya zamani, reli ya SGR, malori yaliyopangana barabarani, halafu Tsavo inayoenda mpaka macho yachoke. Kazi yangu ni kunakili sauti. Mtu anaongea London au Chicago, mimi nasikiliza Voi na kuandika alichosema. Faili ya saa moja hunichukua saa nne au tano. Kuandika naweza kufanyia nyumbani, lakini kuishusha ile sauti na kuirudisha kazi kunataka mtandao ulionyooka. Bando ya simu ukiitumia kwa kazi hiyo kila siku, faida yote inarudi kwa kampuni ya simu.

Siku moja mwaka jana faili yangu ilikuwa imepanda asilimia 94 saa yangu moja ilipoisha. Waifai ikanitoa. Nilinunua chai ya pili ili nipewe vocha nyingine, lakini faili ikaanza upya kutoka sifuri, na kufika asilimia 100 deadline ilikuwa imepita dakika kumi na moja. Alama zangu zikashushwa. Nilikaa wiki mbili bila kupewa kazi hata moja. Katika hizo wiki mbili ndipo nilipoanza kujiuliza: huu mtandao unapita wapi hasa, na kwa nini kila mara ni mimi ninayeufuata?

Jibu la swali la kwanza lilinichekesha, halafu likaniudhi. Unapita hapahapa. Umekuwa ukipita hapa zaidi ya miaka mia moja.

Barua, reli na waya

Kabla ya reli, habari zilikuja kwa miguu. Misafara ya biashara iliyotoka pwani ilivuka nyika ya Taru, ambayo haina maji, na milima yetu ndiyo iliyokuwa ahueni. Ukifika Sagalla, ambao wasafiri wengi waliuita Ndara, umepata maji na chakula. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi na CMS, alifika Kasigau mwaka 1847, na mwaka uliofuata akapita Taita akielekea Kilimanjaro. Mwaka 1883 CMS ilimtuma J. Alfred Wray kufungua misheni Sagalla kwenyewe. Wray alijifunza Kisagalla na baadaye akatoa kitabu cha kukifundisha. Lakini mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwaka uliofuata ukame na njaa vilipiga Taita, na wako waliomlaumu yeye kwa kuifukuza mvua.

Mfikirie Wray pale juu. Akitaka kuandikia wakubwa wake, barua ilibebwa na mtu aliyetembea kilomita 150 au zaidi hadi pwani, kupitia nyika ileile. Kutoka hapo ilisubiri meli. Jibu lilichukua miezi. Na wakati huohuo, mwaka 1879, kebo ya telegrafu ya chini ya bahari ilikuwa tayari imefika Zanzibar kutoka Aden. Mfanyabiashara wa Unguja angeweza kupata habari za London ndani ya siku. Kwa hiyo mwaka 1883 tofauti kati ya mwenye mtandao na asiye nao ilikuwa tayari ipo, na ilipimwa kwa umbali wako kutoka bandarini.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Ilipofika Machi 1898, wajenzi walikuwa wamevuka Voi na kufika mto Tsavo, ambako simba wawili waliwafanya wakimbie kazi. Kando ya reli zilisimama nguzo za telegrafu. Hii ndiyo habari ambayo vitabu vya shule huipitia haraka: reli ilikuja pamoja na waya. Kila stesheni ilikuwa na mashine, na mtu anayejua kuisoma. Voi ilizaliwa hivyo, kama mahali pa gari moshi kunywa maji na pa ujumbe kupita.

Waya ule haukuwekwa kwa ajili ya mtu wa Sagalla. Uliwekwa ili Mombasa iongee na Nairobi, na Nairobi iongee na London. Ungeweza kuishi miaka arobaini ukiziona nguzo zile na usiwahi kutuma neno hata moja kupitia kwazo. Kule Nandi watu waliona wautumie kwa njia yao: waliukata waya wa telegrafu na kutengeneza mapambo. Wakoloni waliita wizi. Ukitazama upande wa pili, labda huo ndio wakati pekee waya ule uliwafaa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na vikosi vyao vikawa vinapenya porini kulipua reli yetu. Waingereza wakajenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta ili kupeleka askari. Makaburi ya vita hivyo yapo Voi hadi leo. Majeshi yote mawili yalielewa jambo ambalo sisi tumechelewa kulielewa: mahali ambapo njia zote zinapita ni mahali pa thamani, hata kama wenyeji wake hawapati chochote.

Foleni ya simu na foleni ya saiba

Baada ya Uhuru waya ulibadilika ukawa simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaanzisha shirika lake la posta na simu, KPTC. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanaikumbuka foleni ya kibanda cha simu: sarafu mkononi, namba kwenye karatasi, na mtu nyuma yako anayekohoa ili ujue kwamba umeongea vya kutosha. Kumbuka huyo mtu wa kukohoa. Mimi ninamjua, siku hizi anashika kitambaa cha kufutia meza.

Mwaka 1999 KPTC iligawanywa, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Mwaka 2000 Safaricom na Kencell zikaanza kuuza laini za mkononi kwa watu wa kawaida. Simu za waya zikaanza kufa polepole, na wezi wa shaba wakasaidia kuzizika. Halafu zikaja simu za jamii, kile kimeza chenye mwavuli na simu moja inayohesabu sekunde. Kwetu Sagalla kulikuwa na sehemu za kusimama. Ukisogea hatua mbili, netwaki imeisha. Mtu mzima na heshima zake alikuwa anapanda juu ya jiwe ili amsalimie mwanawe aliyeko Mombasa.

Intaneti nayo ilikuwa imeingia nchini katikati ya miaka ya 1990, lakini kwa njia ya angani. Setilaiti za wakati ule zilikaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na kila neno lilipanda hadi huko na kushuka. Na kuna kichekesho kingine. Kampuni za intaneti za Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, majengo mawili mtaa mmoja, ilisafiri hadi Ulaya au Marekani na kurudi. Mwaka 2000 kampuni hizo zilijenga kituo cha kubadilishana data nchini, KIXP. Telkom ikalalamika kwamba hiyo inavunja haki yake ya kuwa peke yake, na kituo kikafungwa baada ya wiki mbili tu. Kilirudi mwaka 2002. Yaani kulikuwa na wakati ambapo kupeleka ujumbe kwa jirani bila kupitia ng'ambo kulikuwa kosa.

Kwa vijana wa miji midogo kama Voi, haya yote yalionekana kwenye bei ya saiba. Mashine kuukuu, kibodi iliyofutika herufi, na saa ndogo pembeni ya skrini ikila pesa yako. Kwa wakati wangu ilikuwa bob moja kwa dakika. Tuliandika barua ya maombi ya kazi kwenye daftari kwanza, kisha tukaingia saiba na kuinakili mbio. Kufikiria ulifanyia nje, bure. Ndani ni kuandika tu.

2009

Mwaka ambao kila kitu kilipaswa kubadilika ni 2009. Mwezi wa Juni kebo ya TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilitua Mombasa na Rais Kibaki akaenda kuipokea. Julai, SEACOM ikaanza kazi. EASSy ikafuata mwaka 2010. Afrika Mashariki, iliyokuwa inategemea setilaiti, sasa ilikuwa na nyaya za kioo chini ya bahari.

Na kutoka Mombasa nyaya zile zilielekea wapi? Nairobi. Kwa njia gani? Ileile ya misafara, reli na telegrafu. Mitaro ya faiba imechimbwa kando ya barabara kuu, na nyaya nyingine zimefungwa juu ya nguzo za umeme. Leo ukitazama video Nairobi, au Kampala, kuna uwezekano mkubwa kwamba imepita chini ya miguu ya mtu fulani Voi anayeuza maembe kwa abiria wa basi. Imepita kwa kasi ya mwanga ndani ya kioo, haikusimama.

Maana faiba ni kama SGR. Kupita kijijini kwako si kusimama kijijini kwako. Ili isimame lazima mtu alipe kituo, vifaa na waya wa kuishia mlangoni. Mjini Voi walipatikana wa kulipa: benki, hoteli, ofisi za serikali, chuo kikuu, na mwishowe mikahawa. Sagalla juu, nyumba zimetawanyika mlimani na hakuna aliyeona faida. Mwaka 2020, wakati wa korona, Loon ya Google ilirusha baluni za intaneti kwa ajili ya vijiji vya Kenya, lakini zilihudumia magharibi na kati ya nchi. Mwaka uliofuata mradi wenyewe ukafungwa. Starlink ilianza kuuza hapa Julai 2023, na sasa ukipanda Sagalla utaona sahani moja moja kwenye mabati. Ni nzuri, ukiwa na pesa za kununua kifaa.

Kwa nini waifai ya mkahawa inachoka

Wazee wa waifai walikuwa Hawaii. Mwaka 1971 chuo kikuu cha huko kilitaka kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali bila waya, wakabuni mfumo wa redio walioupa jina ALOHAnet. Wazo lilikuwa la kibaraza: kila mtu aongee kwenye masafa yaleyale, na wawili wakigongana, kila mmoja anyamaze muda wa kubahatisha kisha ajaribu tena. Waifai ya leo imeongeza adabu kidogo, inasikiliza kwanza kabla ya kusema. Lakini msingi ni uleule. Hewa ni moja, mnagawana zamu.

Hapo utaelewa mengi. Watu watano wakiwa kwenye baraza, mazungumzo yanaenda. Wakiwa arobaini, muda mwingi unaishia kwenye "samahani, endelea wewe". Halafu yule aliyekaa meza ya mwisho nyuma ya ukuta, ambaye netwaki inamfikia kwa shida, kifaa chake kinaongea polepole, na akiwa na zamu sote tunamsubiri. Ongeza simu zilizoko mifukoni zinazojipakulia programu mpya bila mwenyewe kujua. Mwenye mkahawa amelipia kasi ya familia moja, sisi tuko ishirini na tano. Ile saa moja kwa kila mteja haikutungwa kwa roho mbaya. Ni njia ya kugawa mkate mmoja.

Kwa hiyo tumejifunza mbinu. Njoo saa mbili asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kaa karibu na kile kisanduku cha waifai, usikae karibu na dirisha. Zima kupakua kwa otomatiki. Gawa faili kubwa vipande vidogo, ili ikikatika upoteze kipande kimoja tu. Weka bando kidogo ya akiba kwa asilimia sita za mwisho. Na usiingie kwenye waifai yoyote kwa sababu tu ina jina la mkahawa, maana yeyote anaweza kuipa simu yake jina hilo. Oktoba 2010 programu iitwayo Firesheep ilionyesha ulimwengu jinsi mtu aliyekaa mkahawa mmoja na wewe angeweza kuingia kwenye akaunti yako ya Facebook kwa kubofya mara mbili. Kelele zilizofuata zilisaidia kuzisukuma tovuti kubwa kufunga mawasiliano yake kwa usimbaji, ndiyo sababu leo tuna afadhali.

Hata kufanyia kazi mkahawani si jambo jipya la watu wa laptopu. London ya karne ya 17 ulilipa peni moja, ukapata kahawa, magazeti na habari za meli. Mkahawa wa Edward Lloyd ndio uliozaa soko la bima la Lloyd's. Mwaka 1675 Mfalme Charles II alijaribu kuifunga mikahawa yote kwa kuogopa maneno ya watu, akashindwa. Na sisi pwani tuna kahawa chungu na baraza tangu zamani, ambapo mtu mwenye kikombe kidogo ana haki ya kukaa mpaka magazeti yaishe. Tofauti ni kwamba baraza halina soketi ya umeme na halina mtu anayehesabu dakika.

Neno "umma"

Nilichokuwa nakiita waifai ya umma, kumbe ni ukarimu wa mfanyabiashara mmoja anayelipa bili mwisho wa mwezi. Akichoka, umma umekwisha.

Zimekuwepo juhudi nyingine. Mwaka 2013 Safaricom ilianza kuweka waifai kwenye matatu. Mwaka 2014 Nakuru ilizindua Bilawaya, waifai ya bure mjini. Kampuni ya BRCK nayo ikaleta Moja, intaneti ya bure kwa kutazama matangazo. Mwaka 2016 serikali ikaanzisha Ajira Digital kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Serikali iliyoingia mwaka 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya waifai ya umma, na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Sagalla ni wadi mojawapo kati ya hizo 1,450. Nimeihesabu hiyo moja mara nyingi.

Sisemi kituo kitamaliza shida. Machi 2024 Remotasks iliondoka Kenya ghafla, na watu waliokuwa na mtandao mzuri kabisa wakabaki bila kazi. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja, na nchi nzima ikajua maana ya kusubiri ukurasa ufunguke. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ilidorora tena. Aliye Nairobi siku hizo alionja kidogo maisha ya meza ya nyuma ya ukuta.

Lakini kwangu swali lina saa. Lazima niwe nimeanza kurudi nyumbani kabla ya giza, kwa sababu sehemu za chini za Sagalla, upande wa Mwakoma, ndovu wanatoka Tsavo jioni na kuvuka. Tangu 2009 wakulima wa huko wamekuwa wakishirikiana na mtafiti Lucy King kuweka ua wa mizinga: mzinga kila baada ya mita kumi, yote imeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya popote, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ua huo unafanya kazi kwa sababu waya umefika kwenye kila mzinga wa shamba, na waliofaidika ni wenye shamba.

Juzi faili ilikuwa asilimia 88 mhudumu aliponijia. Ni msichana mdogo kuniliko, ananiita kaka. Akaniambia, "Kaka, saa imeisha." Nikamwambia nabakisha kidogo tu. Akatazama mlangoni kama bosi yupo, akachukua simu yake, akaniwashia hotspot. Bando yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mshahara ambao siutaki hata kuujua. Faili ikaisha. Nikamtumia bob hamsini kwa M-Pesa, akacheka, akasema nimezidisha.

Nilipofika njia ya kupanda mlima, jua lilikuwa linazama na bodaboda aliwasha taa. Chini yetu malori yalikuwa yanaendelea kupita, na treni ya jioni, na chini ya vyote hivyo, kwenye mtaro, kila kitu ambacho Nairobi ilikuwa inatazama usiku ule.